Adapta ya Siku za Eda

Ukifika umri wangu, ndugu yangu, utaona dunia inavyokurudisha utotoni kwa vitu vya kipuuzi. Wengine hurudishwa na harufu ya mawese yanayochemka, wengine na wimbo. Mimi juzi nimerudishwa na adapta. Wala si adapta ya umeme, ile ya kuchomeka pasi ukutani. Nasema kile kibomba kifupi cha chuma kinachovishwa kwenye pini nyembamba ya kaske, yaani vile vipokea sauti vya kuvaa masikioni, ili pini iweze kuingia kwenye tundu nene la redio za zamani. Nilikuwa nimesimama nacho mkononi kwenye kaunta ya duka moja pale Asiatique, mtaa wa maduka, kati ya waya zinazoning'inia na maboksi yaliyopangwa hadi darini, nikingoja zamu yangu, na moyo wangu ukawa uko Buyenzi, mtaa aliokaa bibi yangu.

Acha nikueleze nilifikaje dukani. Mimi ni mjane, na eda yangu imeisha si zamani. Mume wangu aliniachia nyumba huku Kinanira na redio kubwa ya mezani yenye ampli yake ya kukuza sauti, chombo alichokipenda kiasi cha kukifuta vumbi mwenyewe. Binti yetu wa pekee anaishi Ubelgiji. Tangu baba yake afariki amekuwa akinichunguza kwa simu kama daktari: nimekula nini, nimelala vipi, nani kanitembelea. Anataka niifunge nyumba nihamie kwake, au walau kwa mdogo wangu kule Kamenge. Mimi sitaki. Nyumba ile tuliijenga tofali kwa tofali, nami nimekusudia kuzeekea humo. Kwa hiyo kila swali lake nalijibu kwa uangalifu, maana jibu moja baya linatosha kuniletea tiketi ya ndege.

Sasa jirani wa ukuta wa pili alikuwa amemtuma mlinzi wake zaidi ya mara moja kuniomba nipunguze redio. Jirani mwenyewe sijawahi kumwona uso. Huku kwetu ukuta ni mrefu na watu husalimiana kwa honi. Nikamsimulia binti yangu jambo hilo kama kichekesho. Yeye hakucheka, akatuma kaske. Yenye waya, kwa sababu ile isiyo na waya ilishanishinda na sote tunalijua hilo. Pini yake haikuingia kwenye redio ya marehemu. Nikalikumbuka kopo la vifungo nililorithi kwa bibi, mama yake baba, ambamo kulikuwa na adapta tangu utoto wangu. Nikaichomeka, ikaingia barabara, nikajipongeza. Lakini sauti ilitoka upande wa kushoto tu, kulia kimya. Nikasema, kumbe siku hizi hata Ulaya wanatengeneza vitu vya ovyo. Kesho yake nikafunga safari ya Asiatique ili kaske ikaguliwe, na kama itabidi, ninunue adapta nyingine.

Muuza duka, mwanamke kijana wa Kikongo, alikuwa na wateja mbele yangu. Akanivutia kiti, akaniomba nivumilie. Nikakaa nikaigeuza geuza ile adapta, na hapo ndipo nilipoondoka.

Nilikuwa karibu kuanza shule babu alipofariki. Babu alikuwa fundi wa magari, na nyumba yake ilikuwa Buyenzi, katika zile barabara ambazo nyundo za magereji huanza kabla jua halijapanda na hazinyamazi ila kwa adhana. Sisi tulikaa Kamenge, ambako baba alikuwa na duka la vipuri. Wakati ule kulikuwa na desturi kwamba mwanamke aliyefiwa na mumewe haachiwi nyumba tupu. Matanga yakishaanuliwa na watu wakirudi makwao, hutafutwa mtoto wa kukaa naye, mjukuu hasa. Atatumwa dukani, atachota maji, atalala naye kitanda kimoja, mradi kuwe na sauti nyingine ndani ya nyumba. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Hawakusema wa mbali wakishatoka mfiwa abaki na nani, lakini watu wa Buyenzi walikuwa na jibu lao, na safari ile jibu lilikuwa mimi.

Eda unaijua. Mjane hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hatii wanja wala manukato, hakai na wanaume wasio maharimu wake. Redio ya babu, iliyokuwa ikisikika hadi barabara ya pili, ilifunikwa kitambaa cheupe, na nyumba ikawa na kimya ambacho mimi, mtoto wa duka lenye kelele, sikukijua. Asubuhi nilikuwa sijambo. Tulichambua mchele pamoja, nikamsaidia kutwanga sombe, majani ya muhogo, nikasimama mlangoni kumsikiliza muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akisifia ndagala zake kama anayesifia watoto wake. Bibi alinitania akiniita mke mwenzake, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wa kike. Alisema, sasa tumebaki wajane wawili, we mdogo na mi mkubwa, nani atampikia mwenzake? Mchana ulipita kwa kucheka. Ila ikishaswaliwa alasiri, nyundo zinapoanza kupungua na harufu ya vyakula vya watu inapopita juu ya ukuta, nilimkumbuka mama nikalia, na kulia kwenyewe kulikuwa kwa mtoto asiyetaka kunyamazishwa.

Baba alizoea kupita Ijumaa baada ya swala. Ijumaa moja akanikuta macho yamevimba. Alimwambia bibi, kwa heshima lakini waziwazi, kwamba akija Ijumaa inayofuata akanikuta hivi atanirudisha nyumbani, na kwa kuwa mtu mzima hawezi kuachwa peke yake, bibi naye atahamia Kamenge. Bibi aliendelea kukunja kanga iliyokwisha kukunjwa. Kutoka katika nyumba ya mumewe kabla ya eda kwisha, kwake yeye kulikuwa uchungu juu ya uchungu. Alitaka kuimalizia pale pale alipofiwa. Na sasa jambo hilo lilikuwa limewekwa kwenye macho ya mtoto, yakiwa makavu atabaki, yakiwa na machozi ataondoka. Sikulielewa vizuri. Nilielewa tu kwamba wakati wa chakula hakula.

Jioni ile aliniuliza ni kitu gani cha kwetu ninachokitamani zaidi. Nilimwambia mchezo wa redio. Mimi na mama tulikuwa tukiusikiliza baada ya alasiri, mama akimenya ndizi, mimi nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Bibi akakitazama kile kitambaa cheupe. Kufungua redio ndani ya eda nyumba nzima isikie, hapana. Wanawake wa Buyenzi wangeizungumza habari hiyo mpaka Idi. Lakini akakumbuka kaske ambazo babu aliletewa na mtu, za kuchezea kaseti, zenye pini nyembamba. Tatizo lilikuwa tundu la redio, ambalo lilikuwa nene.

Nikatumwa kumwita jirani yetu, fundi wa vipaza sauti. Huyu ndiye aliyekuwa akitandika waya kwenye harusi na maulidi, na hakuna mikrofoni Buyenzi ambayo hakuigonga kwa kidole akahesabu moja, mbili. Alikuja akasimama nje ya mlango, bibi akakaa ndani nyuma ya pazia, na mimi nikawekwa katikati kupeleka maneno, ingawa pazia lilikuwa kitambaa tu na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa. Fundi akaniambia nimwambie bibi kwamba angependa aione redio kwanza, na kaske pia. Bibi akaniambia nimwambie kwamba redio iko chumbani, na chumbani kuna mjane. Fundi akacheka, akaniomba nimpimie unene wa tundu kwa kidole changu, nikampelekea kidole. Siku iliyofuata alileta adapta kutoka Asiatique, ya aina aliyozoea kununua katika kazi yake, akanipa mlangoni, akaenda zake. Ikaingia bila kusukumwa.

Bibi alizivaa kaske yeye kwanza. Ninalikumbuka hilo. Aliinamisha kichwa, akazigeuza, akazivaa tena, akazivua akapangusa upande mmoja kwa pindo la kanga. Kisha akanivisha. Nilipoisikia sauti ya mchezo ikiningurumia ndani ya kichwa, na nyumba yote ikatoweka, niliogopa. Nikamwambia sitaki peke yangu, sitaki kama na yeye hasikii. Akanitazama kidogo. Akaketi kwenye mkeka upande wangu wa kulia, akaukunjua ule utepe wa chuma wa kaske, sikio moja akaniwekea mimi, sikio la pili akajiwekea yeye, vichwa vyetu vikagusana.

"Haya, mke mwenzangu," akasema. "Tusikilize wote."

Ikawa ndiyo desturi yetu. Mchezo ulikuwa wa mwanamke mwenye mgahawa na wifi zake waliokuwa wakimwonea gere, na ulikuwa mtamu hasa. Nilipocheka bibi alicheka, nyuma yangu kidogo, nami nikadhani wazee huchelewa kuelewa mzaha. Nilipomkamata mkono kwa hofu, aliubana wangu. Na kila mchezo ulipokwisha alinivua kaske, akawasha mkaa, na huku akipepea aliniambia nimsimulie yote tangu mwanzo: wifi mkubwa alisema nini, mwanamke akajibu nini, na mume alikuwa ameketi wapi muda wote huo. Nilidhani ananipima akili, kama mwalimu anavyofanya baada ya somo. Basi nilijitahidi. Pale ambapo nyundo za gereji zilinifunika maneno, nilitia yangu.

Nakumbuka kuna mjomba tajiri katika mchezo ambaye sikuelewa amekwenda wapi. Nikamwambia bibi kwamba amefariki kwa kula ndagala zilizooza. Siku mbili tatu baadaye wakaja wanawake kumtazama, nao walikuwa wakiusikiliza mchezo huo huo majumbani kwao, na mazungumzo yakafika kwa mjomba. Wakasema amehamia mji mwingine kukimbia madeni. Bibi akasema amekufa, na ndagala ndizo zilizomuua. Ulikuwa ubishi mkubwa. Wale wengi, yeye mmoja, na hakurudi nyuma hata kidogo. Alisema kwamba yeye na mjukuu wake wamesikia kwa masikio yao wenyewe. Nilijificha nyuma ya mlango nikichekea mkononi. Wanawake waliondoka wakitikisa vichwa, nadhani walisema ni majonzi.

Ijumaa ilipofika baba alinikuta nimekaa kizingitini nachambua maharage na kuimba. Akaniuliza kama nataka kwenda nyumbani. Nikamwambia siwezi, kesho kuna mchezo. Akamtazama bibi, bibi akatazama pembeni kama mtu asiyehusika. Baba hakuyasema tena yale ya kuhama, si Ijumaa ile wala zilizofuata, na bibi akaimaliza eda yake ndani ya nyumba ya mumewe kama alivyotaka. Siku zilipokwisha alioga, akavaa kanga mpya, akakivuta kile kitambaa cheupe na kuifungulia redio mpaka watoto wa barabara ya pili wakaja kuchungulia. Mimi nikarudishwa Kamenge. Maisha yangu yote niliamini kwamba siku zile nilimfanyia bibi kazi kubwa. Ndugu zangu wakijisifu kwamba walimpenda, mimi nilikuwa nikinyamaza tu kwa fahari, kwa kuwa ni mimi niliyekaa naye.

Muuza duka aliniita. Nikampa kaske na adapta, nikamweleza kwamba upande mmoja umekufa. Alizichomeka kaske zenyewe kwenye simu yake, akasikiliza, akaziweka chini. Kisha akaichukua adapta akaitazama mara moja tu.

"Kaske yako iko muzima, mama," akasema. "Adapta ndiyo haifai. Iyi iko ya mikro. Inapitisha sauti ku upande moja tu."

Nikamwambia basi imezeeka, ni ya tangu utoto wangu, imeharibika upande.

"Apana, haikuharibika," akasema. "Tangu inatengenezwa iko vile. Ule upande wa kuume haiyapitisha kitu hata siku moja."

Akanionyesha kwa ukucha: kwenye pini ya adapta yangu kulikuwa na mstari mweusi mmoja, na kwenye pini ya kaske kulikuwa na miwili. Wa mikrofoni ni mmoja, wa kusikilizia ni miwili, alisema, na akaanza kunipangia adapta kwenye kioo nichague. Moja ilikuwa nzima nzima ya chuma, akaniambia ni imara ila ni nzito na italilegeza tundu la redio ya zamani. Nyingine ilikuwa na kipande cha waya katikati, laini, hailemei tundu. Kulikuwa na ya rangi ya dhahabu ambayo alikiri ni uzuri tu. Na moja ilikuwa na matundu mawili, ya watu wawili wenye kaske zao kusikiliza redio moja. Aliniuliza niko na nani nyumbani. Sikuwa nikimsikia tena.

Nilikuwa namwona bibi amekaa upande wangu wa kulia. Siku zote upande wa kulia. Alikaa pale alasiri baada ya alasiri, shingo imepinda, chuma cha baridi sikioni, akisikiliza kitu ambacho hakikuwapo. Alicheka nilipocheka kwa sababu alinitazama mimi. Aliniambia nimsimulie kwa sababu hakuwa amesikia neno. Na ule mchezo aliobishania na wanawake wa Buyenzi, pamoja na maiti ya mjomba, ulikuwa wangu. Haukuwahi kuchezwa popote ila katika mdomo wangu na kichwa chake. Angeweza kunirudisha kwa fundi na ile adapta ikabadilishwa. Labda alimwonea haya mtu aliyejitolea. Labda kile kimya kilimfaa, akaishika eda yake bila doa huku akinipa mimi mchezo wangu. Sijui, na wa kumuuliza yuko ardhini miaka mingi. Ninachojua ni kwamba mimi sikutumwa kumliwaza bibi. Yeye ndiye aliyeniliwaza, kwa sikio lisilosikia, ili nisimwache.

Nililia pale dukani, kidogo, jinsi watu wazima wanavyolia wakijifanya wanatafuta kitu mfukoni. Yule binti wa Kikongo akaacha kuniuzia, akaniletea maji. Alidhani nimehuzunika juu ya adapta. Akanishika bega akaniambia nisiwaze, ya waya itanifaa. Nikanunua hiyo ya waya. Ile yenye matundu mawili niliishika kwa muda, nikairudisha kwenye kioo.

Nikapanda teksi hadi Kinanira nikitazama nje. Buyenzi bado ipo, na magereji yapo, lakini nyumba ya bibi sasa ni stoo ya matairi. Desturi ile ya kumpeleka mtoto kwa mjane sijui ilikwisha lini. Hakuna aliyeipiga marufuku. Watoto wana shule na masomo ya ziada, wazazi wana hofu zao, na wajukuu wangu wawili wanasema Kifaransa na wananiogopa kidogo kwenye simu. Katika eda yangu watu walikuja kwa wingi mwanzoni, na magari yakajaa hadi barabarani. Halafu wakatoka wote. Sikumlaumu mtu. Nilikuwa nikiweka sahani mbili mezani kwa mazoea, nikairudisha moja kabatini, na hapakuwa na mtu wa kuona kwamba nimeirudisha.

Nilipofika nyumbani sikutaka hata chai. Nikakaa kwenye kiti cha mume wangu, nikaivisha adapta mpya, nikaichomeka, ikaingia vizuri, nikazivaa kaske na kubonyeza. Hakikutokea kitu. Nikabonyeza tena. Ndipo nikatazama juu nikaona feni imesimama. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Sikuzivua. Nikakaa hivyo hivyo na masikio yangu yamezibwa pande zote. Nikatamani mtu yeyote anitume kitu dukani, hata chumvi.

Simu ikatetemeka mapajani. Alikuwa binti yangu. Nikausogeza upande mmoja wa kaske nikaitika. Aliniuliza kama nimepata adapta, nikamwambia nimepata, ya waya, nzuri, ya mistari miwili. Akaniuliza ninafanya nini sasa hivi. Nikamwambia nasikiliza redio ya baba yako.

"Inasikika, mama?" akauliza. Nikalitambua lile swali chini ya swali, na tiketi nyuma yake.

"Inasikika vizuri sana, mwanangu," nikamwambia. "Pande zote mbili."

Akafurahi. Nikamsikia akigeuka na kumwambia mumewe kwamba mama hajambo kabisa.